Mama Alitia Saini Mara Tatu

Mkataba wa mkopo wangu wa masomo ulikuwa na kurasa 14, na mama alizisoma zote. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akawa anashuka nao taratibu, na mimi nimekaa ubavuni mwake nimeshika kalamu, naona kama ananichelewesha. Upande wa mdhamini ulikuwa na nafasi tatu za saini. Alipofika kwenye ile ya kwanza aliinua uso akaniuliza, "Hapa ndipo ninapokubali kwamba ukishindwa wewe, nalipa mimi?" Nikamwambia ndiyo, mama, ila haitafika huko. Akasaini. Ya pili alisaini kimya. Kabla ya ya tatu akauliza tena: "Na ukija kupata kazi unayoipenda, lakini mshahara wake mdogo, itakuwaje?"

Nilimjibu kwamba mtu aliyetoka chuo kile hakosi kazi yenye mshahara mzuri. Niliamini kila neno. Ilinichukua miaka kutambua kwamba sikuwa nimemjibu. Hakuuliza kama nitapata kazi yenye fedha. Aliuliza kuhusu ile nyingine.

Naandika haya kwa sababu mpwa wangu naye amepata barua mbili za udahili, kama nilivyopata mimi, na aliniomba nikae naye tuzisome. Najua pia kwamba yuko mtu mahali fulani usiku huu mwenye barua mezani na fomu ya mkopo pembeni yake, na hajui amuulize nani.

Zangu zote mbili zilikuwa za shahada ya uzamili, fani moja: takwimu za afya ya jamii. Ya kwanza ilitoka chuo ambacho ukikitaja tu, mtu ananyamaza kidogo kabla ya kukupa hongera. Hawakunipa ufadhili wowote. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nzito yenye nembo ya chuo, na nyuma yake fomu za mkopo. Ya pili ilitoka chuo ambacho kila nikikitaja ilibidi nieleze kiko wapi. Hao walinifutia ada yote, na juu yake wakaahidi posho kwa kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza madarasa ya mazoezi.

Niliamua ndani ya siku nne. Katika siku hizo nne sikulinganisha orodha za kozi. Sikutafuta wahitimu wa mwaka uliotangulia kuwauliza wako wapi. Walimu wawili wa chuo cha pili walikuwa wameandika makala nilizozisoma na kuzipigia mistari, na hata hilo halikunigusa. Nilicholinganisha, nikisema kweli tupu, ni namna watu watakavyonipa hongera.

Sasa sitaki mtu anielewe vibaya. Siandiki kusema kwamba jina la chuo ni upepo. Kusema hivyo ni kuwadanganya vijana, na tena ni kuwadanganya hasa wale wasio na ndugu wa kuwashika mkono. Zipo kazi ambazo jina ndilo chekecheo lenyewe. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofuatilia wahadhiri wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada za uzamivu, ukaonyesha kwamba asilimia 80 ya wale waliosomea uzamivu nchini humo walitoka katika asilimia 20 hivi tu ya vyuo vyote. Vyuo vitano peke yake, yaani Berkeley, Harvard, Michigan, Wisconsin-Madison na Stanford, vilikuwa vimetoa mmoja katika kila wanane. Mtu anayetaka kuwa profesa anapaswa kuitazama namba hiyo bila kupepesa macho.

Sheria ni vivyo hivyo ngazi za juu. Kati ya majaji tisa wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani leo, wanane walisomea sheria Harvard au Yale. Wa tisa, Amy Coney Barrett, alisoma Notre Dame, na alisoma kwa ufadhili uliolipa ada yake yote. Huwa namkumbuka ninapowasikia watu wakisema kwamba anayekwenda chuo cha pili kwa sababu ya ufadhili amejifungia mlango. Ila haki inanilazimu niongeze kwamba ni mmoja kati ya tisa, na Notre Dame nayo si chuo cha kubezwa.

Kuna utafiti mwingine ambao natamani ningeusoma kabla ya kutia saini. Stacy Dale na Alan Krueger, katika makala iliyotoka mwaka 2002, waliwalinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya hadhi inayofanana lakini wakaamua tofauti, wengine wakaenda kwenye chuo kinachochagua sana na wengine wakaenda kwingine. Vipato vyao baadaye vilikaribiana. Utafiti ule ulihusu shahada ya kwanza, kwa hiyo hauwezi kubebwa mzima mzima ukapachikwa kwenye uzamili. Tena waliotoka familia za kipato cha chini walionekana kunufaika kwelikweli na chuo cha juu. Hata hivyo swali lake linafaa kwa yeyote: katika mafanikio yale ya wahitimu wa chuo fulani, kiasi gani kimetoka chuoni, na kiasi gani mwanafunzi aliingia nacho mlangoni? Aliyekubaliwa na vyuo viwili anabeba akili ileile na bidii ileile kokote atakakoenda.

Nije kwenye deni, maana huko ndiko nilikoumia.

Nilipokopa nilikuwa naijua riba kwa jina. Niliona imeandikwa asilimia 8, nikasema si haba. Sasa chukua 100,000, za fedha yoyote unayotumia, uzikope kwa mafungu mawili, nusu mwanzoni mwa mwaka wa kwanza na nusu mwanzoni mwa mwaka wa pili. Riba inaanza kuhesabiwa siku fedha inapotoka, wewe ukiwa bado unatafuta darasa liko ghorofa gani. Miaka miwili ikiisha imeshafika 12,000. Ukapewa miezi 6 ya kutafuta kazi kabla ya kuanza kulipa, miezi hiyo nayo inaongeza 4,000. Halafu riba yote inaunganishwa na deni la msingi, na kuanzia hapo unalipa riba juu ya riba. Hujapokea mshahara hata mmoja na unadaiwa 116,000.

Ukilipa kwa miaka 10, kila mwezi ni 1,407, na jumla utakuwa umetoa karibu 168,900. Ukiona ni nzito ukaomba miaka 20, kila mwezi inashuka hadi 970 na roho inatulia kidogo, lakini jumla inafika karibu 232,900. Mwezi wa kwanza kabisa wa marejesho, katika ile 1,407, zaidi ya nusu inaliwa na riba: 773. Kilichopungua kwenye deni ni 634 tu. Nilipopata taarifa yangu ya kwanza nilidhani wamekosea. Nikapiga simu. Dada aliyepokea alinieleza kwa upole mkubwa, kama mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi, kwamba hawajakosea.

Asilimia 8 si namba niliyoitunga kutisha watu. Mikopo ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa uzamili katika mwaka wa masomo 2024 hadi 2025 ilikuwa na riba ya asilimia 8.08, na ule mkopo wa nyongeza uitwao Grad PLUS ulikuwa asilimia 9.08. Huo wa nyongeza ulikuwa pia na ada ya asilimia zaidi ya 4 iliyokatwa kabla fedha haijakufikia, yaani unakopa 100,000, unapata chini ya 96,000, na unalipa riba inayohesabiwa juu ya 100,000 nzima.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mwezi ule niliuelewa usemi huo mwilini. Lakini hata marejesho yenyewe sikuyaona kama maumivu makubwa. Nilikuwa na kazi, nilikuwa nalipa. Maumivu yalikuja Jumanne moja jioni, mwaka wa pili baada ya kuhitimu.

Simu ilitoka kituo kidogo cha utafiti wa afya ya watoto wachanga. Mkuu wa utafiti alikuwa amesoma tasnifu yangu. Walikuwa na kumbukumbu za miaka mingi za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na walitaka mtu wa kuzichambua wajue kwa nini baadhi yao, wakisharuhusiwa kwenda nyumbani, hurudishwa wodini ndani ya wiki chache. Nilisimama na ile simu katikati ya chumba, nikashindwa hata kukaa. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Ndiyo niliyoiandika kwenye barua yangu ya maombi ya chuo, kwa maneno karibu yaleyale.

Akanitajia mshahara. Nikachukua karatasi, nikatoa kodi ya nyumba, nauli, chakula, marejesho. Nikarudia nikitumia chumba cha bei rahisi zaidi. Nikarudia tena nikiwa nimefuta kila kitu isipokuwa chakula na marejesho. Mara zote tatu ilikuwa haitoshi, na nyuma ya lile neno "marejesho" lilikuwapo jina la mama. Nikikosa miezi kadhaa, wanamfuata yeye.

Nilikataa kwa barua pepe, kwa sababu nilijua sauti yangu isingefika mwisho wa sentensi. Alinijibu mistari miwili: kwamba anaelewa, na kwamba yeye mkopo wake aliulipa kwa miaka 16.

Kazi ile aliipata mwenzangu wa darasani. Ni mtu makini, naifurahia kazi anayoifanya, na siku hizi nasoma makala zake. Tulikaa madawati ya karibu, tukafanya mitihani ileile, cheti chake na changu vimetiwa muhuri mmoja. Yeye ada yake ililipwa na wazazi. Jina la chuo lilitufungulia mlango sote wawili, na hilo sitalikana: simu ile isingenifikia kama si chuo kile na yule mwalimu aliyeisambaza tasnifu yangu. Ila wa kupita alikuwa mmoja. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka na kila mara narudi hapohapo. Tunaponunua jina tunadhani tunanunua milango, na kweli milango inafunguka, lakini deni ndilo linalosimama pale kukuambia upite upi. Na kwa kawaida linakuruhusu ile inayolipa sana, ambayo mara nyingi hata bila jina kubwa ungeweza kuipita.

Mimi nikaingia kampuni ya bima, kukokotoa michango ya wateja. Nimewakuta wenzangu wema, nimejifunza mengi, na nalipa kila mwezi bila kuchelewa. Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza nilisoma wapi mpaka mwisho kabisa. Walinipa faili lenye data chafu na saa tatu za kulisafisha, basi.

Jambo la pili lililonikata ni la mama, na hili sikuambiwa. Nililisikia kwa bahati, kwenye mazungumzo ya dada yangu. Mama alikuwa ameomba mkopo mdogo wa kuezeka upya upande mmoja wa nyumba. Walipoangalia kumbukumbu zake wakamkuta ana deni kubwa linalomhusu, wakamkatalia. Deni lenyewe ni langu. Mimi nilikuwa nalipa kila mwezi kwa tarehe, na bado katika vitabu vya wakopeshaji mama yangu alikuwa anahesabiwa kama mtu aliyekopa. Alirudi nyumbani akanyamaza. Miezi mitano alikuwa akiweka beseni chini ya pale panapovuja, na kila Jumapili tulikuwa tunaongea kwenye simu akiniuliza kama ninakula vizuri.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mdhamini ni saini tu, utaratibu tu, moyo unanichemka. Mdhamini ni mkopaji wa pili. Neno hilo lilipaswa kuandikwa juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa.

Masharti ya mkopo yanatofautiana mno, na tofauti hiyo ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Uingereza, mkopo wa serikali wa uzamili ulioanza mwaka 2016 unarejeshwa kwa asilimia 6 ya kipato kinachozidi pauni 21,000 kwa mwaka. Ukipata chini ya hapo hulipi kitu mwezi huo, hakuna mdhamini, na baada ya miaka 30 kilichobaki kinafutwa. Riba yake si ndogo, lakini mtu mwenye mkopo wa namna ile angeweza kulijibu swali la mama yangu. Marekani nako, sheria ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa kumfutia salio mtu aliyefanya kazi ya umma, akisha kulipa marejesho 120 yanayokidhi masharti, na miaka ya mwanzo maombi mengi mno yalikataliwa kwa sababu watu walikuwa kwenye aina ya mkopo au mpango wa malipo usiohusika. Yaani unaweza kulipa miaka 10 ukiamini uko njiani, kumbe hata hukuingia barabarani.

Na mambo yanabadilika sasa hivi. Sheria iliyotiwa saini Marekani tarehe 4 Julai 2025 inaufunga ule mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Kwa shahada nyingi za uzamili kikomo cha mkopo wa serikali kitakuwa dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na kwa fani kama udaktari wa tiba na sheria 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Wapo wanaosema vyuo vitalazimika kushusha ada. Natamani iwe hivyo. Ninachokiogopa ni kwamba anayetaka chuo cha bei kubwa atakwenda kwa wakopeshaji binafsi, na hao watataka mdhamini, na mama wa mtu mwingine atavaa miwani.

Ipo dhana kwamba chuo chenye jina hakiwezi kumwacha mtu na deni lisilolipika. Mwaka 2021 gazeti la The Wall Street Journal lilitumia takwimu za serikali kuonyesha hali ya wahitimu wa uzamili wa filamu wa chuo kikuu cha Columbia waliokuwa wamekopa serikalini. Aliyekuwa katikati ya orodha alidaiwa dola 181,000. Miaka miwili baada ya kuhitimu, nusu yao walikuwa wanapata chini ya dola 30,000 kwa mwaka. Columbia! Jina lenyewe halina kasoro, na walimu wake wa filamu ni watu wanaojulikana. Kilichokosekana ni uwiano kati ya kazi na deni, na uwiano huo hauheshimu nembo. Mwaka huohuo David Geffen, tajiri wa muziki na filamu, alitoa dola milioni 150 kwa shule ya tamthilia ya Yale, ikaacha kutoza ada kabisa. Vyuo viwili vyenye majina makubwa, sanaa zinazokaribiana, na mhitimu wa kimoja anaanza maisha akiwa na uhuru wa kucheza jukwaa dogo kama akitaka.

Hata walioshinda waliubeba mzigo huu muda mrefu. Barack Obama aliwaambia wanafunzi wa chuo cha North Carolina mwezi Aprili 2012 kwamba yeye na Michelle walimaliza kulipa mikopo yao ya masomo kama miaka 8 tu kabla ya hapo. Wote wawili ni wahitimu wa sheria wa Harvard, yeye wa mwaka 1991. Hesabu miaka.

Nirudi kwa mpwa wangu. Yeye anasoma sheria, na anataka kufundisha chuo kikuu. Chuo chake cha kwanza kina jina kubwa na kilimpa robo ya ada. Cha pili hakijulikani sana na kilimpa ufadhili wa ada yote. Aliponionyesha nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu la mtu aliyeungua: chukua cha bure. Bahati nzuri alisema, "Mjomba, tusome kwanza."

Tukasoma. Kwenye barua ya chuo cha pili, aya ya sita, kulikuwa na sentensi moja: ufadhili utaendelea mradi mwanafunzi abaki katika nusu ya juu ya darasa lake. Aliisoma kwa sauti mara mbili. Darasa lolote lina nusu moja tu ya juu. Kama wengi wa wenzake wamepewa barua ya namna hiyo, basi kuna watu ambao chuo kinajua tangu sasa kwamba mwaka wa pili watalipa ada kamili, na watu hao wanaaga marafiki zao wakiamini wanakwenda kusoma bure. Marekani shule za sheria zinatakiwa kutangaza ni wanafunzi wangapi walipoteza ufadhili wa masharti. Kwingine kote inabidi uulize, na mpwa wangu akauliza. Alipiga simu idara ya udahili nikiwa nimekaa hapohapo.

Maswali yake aliyaandika kwenye daftari. Wangapi walipoteza ufadhili mwaka jana? Katika wahitimu wa miaka mitatu iliyopita, nani anafundisha chuo kikuu leo, na wapi? Je, ada hupanda kila mwaka, na ufadhili nao hupanda? Aliyepokea alikuwa mchangamfu mpaka swali la kwanza. Kwa la pili alisema wahitimu wao wako kila mahali. Mpwa wangu aliandika "kila mahali" kwenye daftari, akapigia mstari, akashukuru, akakata simu.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi sikujua kwamba kinafanyika. Akakiandikia chuo cha kwanza, akaambatanisha barua ya cha pili, akasema kwa heshima kwamba chaguo lake ni wao ila fedha hazimruhusu, na akaomba waangalie upya. Siku zile zangu nne ningeona ni utovu wa adabu. Kumbe ofisi za udahili hupokea barua kama hizo kila msimu. Hata yapo makubaliano ya muda mrefu kati ya vyuo vingi vya Marekani kwamba mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyepewa ufadhili asibanwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, ili apate nafasi ya kulinganisha. Muda huo unatolewa utumike. Jibu lilikuja baada ya siku 12: wamepandisha kutoka robo hadi zaidi ya nusu.

Amechagua kwenda huko, kwenye jina. Nilikosa usingizi siku mbili, sikufichi. Lakini nilipopitia hesabu zake sikupata pa kupinga. Kazi anayoitaka ni mojawapo ya zile ambazo jina ndilo chekecheo. Deni litakalobaki, alilipima kwa mshahara wa msaidizi wa sheria, ule wa chini kabisa anaoweza kuupata akishindwa kuwa mhadhiri, na bado marejesho yanaacha chumba na chakula. Sijawahi kuona mtu anapima mkopo kwa kazi yake mbaya kabisa. Mimi niliupima kwa kazi nzuri kabisa. Na mkopo aliochagua hauna mdhamini. Alipoletewa mwingine wa riba nafuu kidogo unaohitaji saini ya mtu wa pili, aliurudisha. Bibi yake alikuwa tayari, tena alishaulizia miwani iko wapi.

Mimi bado nina marejesho 41. Mwaka huu niligundua kwamba mkataba wangu, kwenye ukurasa wa 11, unaruhusu mdhamini kuondolewa baada ya idadi fulani ya malipo mfululizo yasiyochelewa, mkopaji akionyesha kwamba kipato chake kinatosha. Mama alishaupita ukurasa huo kwa kidole chake siku ile. Mimi nilikuwa nasubiri saini. Nikapeleka hati za mshahara, nikajaza fomu mbili, wakanirudishia moja kwa sababu ya tarehe, nikaijaza tena.

Barua ilifika Alhamisi iliyopita. Nilimpigia mama nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie ule mstari wenye jina lake, nikaurudia. Akaniuliza kama sasa anaweza kuichana nakala yake ya mkataba, ameihifadhi muda wote huu kwenye bahasha ileile. Nikamwambia aichane. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ataiweka tu mpaka nimalize.